Pampu ndogo ya dizeli kwenye lori: maswali ninayoulizwa kabla ya kufunga yenye nguvu zaidi

Kazi yangu ni pampu na nozeli, na benchi langu liko Makambako, njia panda ya kwenda Mbeya na Songea. Malori mengi yanayofika kwangu ni ya zamani: Tata zenye injini ya Cummins 6BT, Fuso za 6D16, Isuzu, na Scania 113 ambazo bado zinavuta mzigo kila siku. Yote yana mfumo wa dizeli wa makenika, usio na kompyuta, na wenyewe wengi huja na ombi moja: "Fundi, nifungie pampu ndogo yenye nguvu zaidi." Kabla sijashika spana huwa nauliza kwanza. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki, na majibu yangu.

Pampu ndogo ni ipi, na pampu kubwa ni ipi?

Pampu kubwa ni ile inayoipeleka dizeli kwenye nozeli, zile zinazoinyunyizia ndani ya silinda, kwa presha ya mamia ya baa (baa 1 ni kama presha ya hewa ya kawaida kule pwani). Bosch walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na mpangilio wake wa vipistoni vilivyojipanga mstari mmoja ndio huo huo unaoukuta leo kwenye malori yetu. Pamoja na nguvu zake zote, pampu hii haiwezi kwenda kujichotea dizeli tenki. Inategemea kuletewa.

Anayeiletea ni pampu ndogo. Kwenye malori mengi imefungwa ubavuni mwa pampu kubwa, na juu yake kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Kwenye Cummins 6BT imefungwa kwenye bloku ya injini na inasukumwa na kemshafti ya injini yenyewe, ule mhimili wenye migongo unaozunguka ndani. Wengine wanaiita lifti pampu, wengine pampu ya kuvuta. Humu nitasema pampu ndogo, ndivyo tunavyoiita gereji.

Inafanyaje kazi ndani?

Nakuomba usiliruke jibu hili, maana makosa mengi ya kununua yanaanzia hapa.

Ndani kuna pistoni moja yenye unene wa kidole gumba, springi moja, na vali mbili ndogo zinazoruhusu dizeli kwenda upande mmoja tu. Kemshafti inapozunguka inaisukuma pistoni ndani na kuibana springi. Kemshafti ikishapita, springi inairudisha pistoni, na ni katika kurudi huko ndipo dizeli inasukumwa kwenda kwenye filta na wakati huo huo nyingine inavutwa kutoka tenki. Kwa hiyo anayesukuma dizeli ni springi. Kemshafti kazi yake ni kuikaza tu.

Ndiyo maana pampu hii inajirekebisha yenyewe bila fyuzi wala swichi. Presha ikipanda mbele, springi inashindwa kuirudisha pistoni mpaka mwisho, mwendo wa pistoni unafupika, na dizeli inayosukumwa inapungua. Injini ikihitaji zaidi, presha inashuka kidogo na pistoni inarudi tena kwenye mwendo wake wote. Springi ikichoka, au uchafu mdogo kama punje ya mchanga ukikaa chini ya vali, pampu nzima inakuwa kama mtu anayepumua kwa pafu moja.

Lori langu linachoka mlima Kitonga. Ninunue pampu ndogo kubwa zaidi?

Bado. Kwanza tujue kama dizeli kweli haifiki. Lori linalochoka mlimani linaweza kuwa na njaa ya dizeli, lakini pia linaweza kuwa na filta ya hewa iliyoziba, mpira uliopasuka wa tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa), nozeli zilizochoka, au breki moja inayoshika. Nimeona mtu akibadilisha pampu wakati gurudumu la nyuma lilikuwa la moto huwezi kuligusa.

Njaa ya dizeli ina dalili zake. Lori linakwenda vizuri tambarare, linaanza mlima na nguvu, halafu nguvu zinaondoka taratibu huku mguu ukiwa umekanyaga mpaka chini, na moshi hauongezeki. Ukisimama dakika mbili na kuondoka tena, linavuta kidogo halafu linachoka vile vile. Kama linatoa moshi mweusi mzito huku halina nguvu, dizeli inafika, tena inazidi. Kinachokosekana hapo ni hewa.

Baada ya hapo kuna jaribio la dumu. Chukua dumu la lita 20 lililo safi, jaza dizeli uliyoichuja, lifunge vizuri kwenye chesisi nyuma ya kabini, mbali na ekzosi. Usiliweke ndani ya kabini hata siku moja. Chomoa mpira unaotoka tenki na kuingia kwenye pampu ndogo, weka mpira mfupi mpya kutoka kwenye dumu. Dizeli ya kurudi iache iende tenki kama kawaida, kwa hiyo jua kwamba dumu litapungua haraka. Toa upepo, yaani hewa iliyoingia mabombani, kisha panda kilima chochote ukiwa na mzigo. Kama nguvu zimerudi, pampu yako ni nzima. Ugonjwa uko tenki au njiani: wavu wa kuvutia umeziba, mfuniko wa tenki hauingizi hewa, au mpira umepasuka au kubonyea kwa ndani.

Mfuniko ni rahisi kuukagua hata barabarani. Lori likichoka, simama, fungua mfuniko. Ukisikia tenki linavuta hewa kwa mlio, umeupata ugonjwa.

Mpira ukipasuka si nitaona dizeli inavuja?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Kutoka tenki mpaka pampu ndogo dizeli inavutwa, haisukumwi. Ufa kwenye upande huo hautoi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Nje pakavu kabisa.

Mzee mmoja wa mbao kutoka Mafinga aliniletea Tata yake akiwa tayari ameshanunua pampu ndogo mbili mpya kwenye duka moja mjini. Zote mbili alikuwa nazo, moja imefungwa, nyingine kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti. Nikaweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, urefu wa shubiri mbili, kati ya bomba la tenki na pampu. Kwenye sailensa, injini ikizunguka bila kukanyagwa, dizeli ilipita safi, ya manjano, bila alama yoyote. Utingo akapiga resi, na hapo hapo mpira ukajaa mapovu madogo kama ya soda. Tukafuata mpira kwa mkono kuanzia tenki. Pale ulipopita chini ya klipu kwenye chesisi ulikuwa umesuguliwa kwa miaka, na upande wa juu, usioonekana, kulikuwa na ufa mfupi kuliko kucha. Hakuna tone lililovuja. Nikabadilisha mpira na klipu. Ile pampu ya pili akairudisha dukani, sijui kama alirudishiwa fedha.

Tangu siku hiyo mpira mweupe haukosi kwenye boksi langu la spana, na ningependa kila dereva wa lori la makenika awe nao. Uutumie kupima tu, halafu uutoe, kwa sababu jua na dizeli vinaukausha.

Presha inatakiwa iwe ngapi?

Inategemea pampu kubwa ni ya aina gani. Pampu za mstari kwa kawaida hulishwa kwa baa 1 hadi 2.5. Cummins 6BT yenye pampu ya Bosch P7100 inatakiwa ikupe PSI 17 hadi 22 kwenye sailensa, na PSI 25 hadi 30 ikifika mizunguko 2,500. Kwa baa ni kama 1.2 hadi 1.5, halafu 1.7 hadi 2. Angalia kwamba presha inapanda pamoja na mizunguko. Kama kwako inashuka unapopiga resi, kuna mahali panabana.

Kama injini yako ina pampu ya duara, ile ya VE, mambo ni tofauti. Hiyo ina pampu nyingine ndogo ya mapanga ndani yake inayojivutia yenyewe, na pampu ndogo ya nje inaisaidia kwa presha ya chini tu. Ukiifungia VE pampu ndogo ya pistoni iliyotengenezwa kwa ajili ya P7100, presha inaingia ndani isipotakiwa: sili ya mbele inaweza kuvuja na taimingi, yaani wakati wa kuingiza dizeli, ikavurugika. Usifanye hivyo kwa sababu tu umeambiwa "pistoni ni bora kuliko daiframu", yaani pampu ndogo zinazotumia utando wa raba badala ya pistoni. Ni bora, lakini kwa injini yake.

Geji ifungwe baada ya filta, pale dizeli inapoingia pampu kubwa. Kipimo cha sailensa peke yake hakikuambii kitu. Ninachotaka kuona ni sindano inasimama wapi lori likiwa na mzigo, gia nzito, mguu chini. Ikishuka chini ya baa 1 wakati huo, mimi nasema lori lina njaa. Ukiweza, pima pia kabla ya filta. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili maana yake filta imeziba, na filta ni rahisi kuliko pampu. Na kama unataka geji ya kudumu ndani ya kabini, tumia yenye sensa ya umeme. Bomba lenye dizeli halina kazi karibu na miguu ya dereva.

Presha iko chini kweli, na mpira ni mzima. Sasa ni pampu?

Bado kuna mshukiwa mmoja: vali ya kurudisha. Ni bolti iliyo kwenye pampu kubwa, pale mpira wa kurudi unapoanzia, na ndani yake mna kigololi na springi. Kazi yake ni kuzuia dizeli isirudi tenki mpaka presha ifike kiwango. Springi ikichoka, dizeli yote inakimbilia tenki, na hata ukifunga pampu ndogo ya ukubwa gani presha haitapanda.

Lori likiwa kwenye sailensa na geji imefungwa, bana mpira wa kurudi kwa sekunde chache. Presha ikiruka juu, pampu ndogo ni nzima na vali ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, na filta ni mpya, na jaribio la dumu halikusaidia, basi pampu yako ndogo imechoka. Hapo nunua.

Injini yangu inahitaji dizeli kiasi gani?

Tufanye hesabu pamoja. Injini ya zamani ya dizeli inatumia karibu gramu 220 za dizeli kwa kila kilowati kwa saa ikiwa kwenye nguvu zote. Lori la nguvu farasi 180 ni kama kilowati 134, kwa hiyo linachoma kilo 29 na nusu kwa saa, na kwa sababu lita moja ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840, hiyo ni lita 35 kwa saa. Kwa dakika ni kama lita 0.6 tu. Hata ukifungua pampu kubwa iingize dizeli zaidi mpaka lori lifike nguvu farasi 300, unazungumzia lita moja kwa dakika.

Mbona basi pampu ndogo inaleta nyingi kuliko hizo? Kwa sababu dizeli inayozidi ina kazi: inapoza pampu kubwa, inabeba mapovu ya hewa kurudi tenki, na inahakikisha kila kipistoni kinajaa mpaka juu. Mimi hupenda pampu ndogo ilete angalau mara mbili ya kile kinachochomwa, na mara tatu ni vizuri zaidi. Kwa lori lisiloguswa pampu kubwa, pampu ndogo ya kiwandani iliyo nzima inafanya hivyo bila shida. Ya ukubwa zaidi inakuwa na maana pale tu pampu kubwa imefunguliwa, tabo imebadilishwa, na geji inaonyesha ya kiwandani inashindwa kufuata.

Nikifunga pampu ndogo kubwa, lori litaongezeka nguvu?

Hapana. Pampu ndogo haiongezi nguvu, inaondoa upungufu. Kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye silinda kinapimwa na pampu kubwa.

Anayetaka nguvu anafungua skrubu ya pampu kubwa, na hapo nina la kusema kwa uchungu, kwa sababu nimeona pistoni zilizoyeyuka. Dizeli ikizidi hewa, moto unahamia kwenye ekzosi. Joto kabla ya tabo likikaa juu ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa muda mrefu, kama unavyopanda Kitonga nzima, unachoma vali, tabo na vichwa vya pistoni. Kama umefungua pampu, geji ya joto la ekzosi ni ya lazima kuliko pampu ndogo mpya.

Kwa nini nisiweke ya umeme, nimalizane nayo?

Swali zuri, na jibu lake lina historia. Kule Marekani, Dodge Ram zenye Cummins zilitumia pampu ndogo ya makenika mpaka mwanzoni mwa 1998. Katikati ya mwaka huo ikaja injini ya vali 24 yenye pampu kubwa ya Bosch VP44, na pampu ndogo ikawa ya umeme, imefungwa kwenye bloku ya injini palipo na joto na mtetemo. Ikawa inachoka polepole, kimya kimya. VP44 inategemea dizeli hiyo kwa ulainishaji na kupoa, kwa hiyo dereva alikuja kujua kwamba pampu ndogo imekufa siku pampu kubwa ilipokufa. Wengine waliihamishia pampu ya umeme kwenye chesisi karibu na tenki, wengine wakanunua kubwa zaidi, na wapo waliorudi kwenye pampu ya makenika inayozungushwa na mkanda.

Ya umeme ina faida zake: inaweza kukaa karibu na tenki na kusukuma badala ya kuvuta, na inatoa upepo bila mtu kupampu kwa mkono. Lakini kwa lori linalolala porini na utingo, mimi nachagua ya makenika bila kusita. Haina waya wa kukatika, haina rilei, injini ikizunguka nayo inazunguka. Ikichoka, inachoka kwa dalili, na sili na springi zake fundi wa mjini anaweza kuzibadilisha siku hiyo hiyo.

Mbona lori linakwenda vizuri Dar, likifika Njombe linakohoa?

Pampu inayovuta haivuti peke yake. Inapunguza presha upande wake, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma dizeli kutoka tenki. Dar es Salaam hewa ina presha ya kama baa 1. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, inabaki kama 0.8. Kwa wenzetu wanaopita Timboroa huko Kenya, juu ya mita 2,700, ni kama 0.72. Bomba lililoziba nusu ambalo lilivumilika pwani, huku juu halivumiliki. Kabla hujalaumu pampu, badilisha filta ya mwanzo na usafishe wavu wa tenki.

Na usisahau kwamba injini isiyo na tabo inapoteza nguvu huku juu kwa kukosa hewa ya kuchomea. Hilo hakuna pampu ya dizeli itakayolirekebisha.

Mabomba je, niyabadilishe?

Mara nyingi bomba nono linasaidia kuliko pampu mpya. Kutoka tundu la milimita 9.5 kwenda 12.7 unaongeza eneo la kupitia kwa karibu asilimia 80. Lakini halina faida ukiacha bolti za banjo (bolti za viungo ambazo dizeli hupita ndani yake) zenye vitundu vyembamba pale pale, maana dizeli inapita kwa kipimo cha tundu dogo kuliko yote. Tumia mpira wa dizeli wenye nyuzi, si wa maji. Wa maji unalainika kwa ndani na kujibana wakati unavutwa, nje ukiuangalia hauna kosa.

Nitaijuaje pampu nzuri nikiwa dukani?

Nenda na ile ya zamani mkononi. Nakili namba yote iliyogongwa kwenye mwili wake, si tarakimu za mwisho tu. Weka mbili hizo sambamba juu ya kaunta: linganisha matundu ya bolti, upande dizeli inapoingia na kutoka, na zaidi ya yote urefu wa kile kinachogusa kemshafti. Milimita chache zikizidi, kemshafti itaivunja pampu au pampu itaikwangua kemshafti, na kutoa kemshafti ya 6BT si kazi ya siku moja.

Kisha isukume pistoni kwa kidole. Inatakiwa iende laini na kurudi kwa nguvu, bila kusita katikati. Ziba tundu la kuingilia kwa kidole na uisukume tena na kuiachia: utasikia kidole kinavutwa. Kama hakivutwi, vali haikai. Angalia pia uso wa kufungia. Kopi mbaya utaiona hapo, uso una mikwaruzo ya tupa au haujanyooka. Muulize muuzaji sili zake ni za aina gani. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na raba za zamani hazikutengenezwa kwa dizeli hii. Vaitoni, raba inayoivumilia, ni bei juu kidogo, lakini ndiyo ninayofunga.

Oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua. Ni baraka?

Simamisha lori leo. Daiframu ikipasuka, au sili ya pistoni ikichoka, dizeli inapita na kuingia kwenye oili. Utaona dipstiki inapanda, oili inakuwa nyepesi kama maji ya chai, na inanuka dizeli. Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe uache saa moja: dizeli inatambaa na kufanya duara jepesi nje ya doa jeusi. Oili ya namna hiyo haibebi uzito wa krenkshafti, na beringi zinakatika. Funga pampu nzima, mwaga oili yote, badilisha filta ya oili. Usipunguze kidogo na kuendelea na safari.

Kuifunga kuna siri gani?

Usafi kwanza. Osha eneo zima kabla hujafungua chochote, kwa sababu punje moja chini ya vali inaiua pampu mpya siku ya kwanza. Kwenye injini kama 6BT, zungusha injini mpaka mgongo wa kemshafti uwe umeondoka, pampu ikae bila kubanwa na springi. Ukivuta pampu kwa bolti huku kemshafti inaisukuma nje, masikio yake yanapasuka. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Zile pete bapa za shaba, washa, ziwe mpya kila mara. Zile za zamani zimeshabonyea, ni mlango wa upepo. Toa upepo kwa mkono mpaka kitufe kiwe kigumu, washa injini, halafu pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaharibu pampu ndogo?

Inaharibu zote mbili, kubwa zaidi. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu hizi hazina kilainishi kingine upande wa vipistoni. Kwa Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka alama ya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Tatizo limepungua, lakini dizeli ya madumu pembeni mwa barabara bado ipo. Ukinunua huko, hakuna dhamana ya fundi itakayokulinda.

Lori langu ni jipya, la komon reli, mfumo wa dizeli unaoongozwa na kompyuta. Nifungie hii?

Hapana. Mfumo ule unalishwa kwa namna yake na kompyuta inasoma presha. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kulisoma.

Pampu ya zamani niitupe?

Usiitupe kama mwili haujapasuka. Niletee niioshe, niiwekee springi, vali na sili mpya, niijaribu kwenye benchi. Kisha izibe matundu kwa vizibo safi, ifunge kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, iweke nyuma ya kiti pamoja na washa nne za shaba, klipu mbili na mita moja ya mpira wa dizeli. Ukikwama usiku kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, utingo wako akiwa na spana na tochi, hiyo ni kazi ya dakika 40.